Fundisho juu ya barabara: Shofere asiyeona asiingie



Siku za kupima watoto tunazungumza mara nyingi juu ya kuhara, malaria, surua na chakula kizuri. Leo tutazungumza juu ya barabara. Labda mama mmoja atauliza: «Barabara nayo ni neno la hospitali?» Ndiyo, ni neno la hospitali. Shirika la Afya Duniani (OMS) limehesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani duniani pote. Tena kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, ajali hizi ndizo sababu ya kwanza ya kifo. Mtoto tuliyemkinga na surua akiwa na miezi tisa, hatupendi kumpoteza barabarani akiwa na miaka saba.

Ajali ziko za namna nyingi. Leo tushike namna moja tu: shofere anayetoka ndani ya kiwanja, ao pembeni ya barabara, na kuingia katika njia ya wengine, huku kitu fulani kinaziba macho yake. Nitawaeleza ajali moja niliyoiona kwa macho yangu. Si kuiona tu. Mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu ndani yake.

Namna ilivyotokea

Ilikuwa siku ya kupeleka chanjo vijijini. Tulikuwa ndani ya kamionete, papa shofere kwenye usukani, mimi pembeni yake, na nyuma sanduku la baridi lenye chanjo. Tulikuwa tumechelewa karibu saa nzima, sababu funguo ya friji ilipotea asubuhi. Nilijua wamama wanatungoja kule chini ya mti pamoja na watoto wao, na barafu inayeyuka. Roho yangu haikutulia.

Tulifika kwenye mlango mkubwa wa kiwanja. Upande wa kushoto wa mlango, kando kabisa ya barabara, kamiyo ya makala ilikuwa imesimama kushusha magunia. Kamiyo ile ilikuwa ndefu, na magunia yalipanda juu kama nyumba. Shofere wetu alisimama. Akainama mbele, akatazama kushoto, hakuona kitu ila turubai. Akaniuliza:

«Mama munganga, uko unaona nini huko kushoto?»

Mimi pia nilikuwa naona turubai tu. Lakini boyi-shofere wa kamiyo, aliyekuwa juu ya magunia, alitupungia mkono, sawa na kusema: piteni. Basi nikasema:

«Twende, papa. Barabara iko wazi.»

Akaenda. Gari letu lilitoka mara moja, mpaka katikati ya njia. Wakati ule ule moto ilitokea kushoto, kando ya kamiyo. Mwenye moto alishika freni, lakini nafasi ilikuwa hakuna. Aligonga mbele ya gari letu. Nyuma yake aliketi mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Alikuwa anakuja kwetu, kwa kipimo cha wajawazito. Fishi yake ilikuwa mkononi.

Mwenye moto alivunjika mkono. Mama yule alianguka kwa ubavu. Alisimama mwenyewe, akapangusa kitenge chake, akatuambia: «Miye niko muzima, mulinde ule papa kwanza.» Watu walifurahi. Mimi niliyefundisha wauguzi miaka mingi nilijua kwamba haifai kufurahi upesi, nikamlaza kitandani. Usiku ule damu ilianza kutoka. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka. Waganga walifanya kazi mpaka asubuhi. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Ni kosa la nani?

Siku ya pili watu walibishana sana pale kwenye mlango. Wengine walisema: «Ni mwenye moto, alikimbia sana.» Wengine: «Ni kamiyo, ilisimama mahali pabaya.» Wengine: «Ni boyi-shofere, ndiye alipunga mkono.»

Polisi wa barabara walipofika, nilingoja shofere wetu aseme: «Mama munganga ndiye aliniambia twende.» Ingekuwa kweli, ningekubali. Lakini yeye alisema hivi: «Ni miye nilikuwa ku volani. Jicho yangu ndiyo ilipashwa kuona. Sikuona, lakini nikaingia.» Halafu na mimi nilisema neno langu mbele ya wote, kwamba nilitoa ruhusa bila kuona. Lilikuwa neno gumu kulisema. Ndiyo sababu naliandika hapa, lifundishe wengine.

Shofere yule alisema sawasawa na sheria. Sheria ya barabara ya inchi yetu, namba 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Kuna pia mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya barabara, ambayo inchi yetu imeyakubali. Mambo makubwa ni haya:

1. Shofere anayetoka kiwanjani ao katika kijia cha pembeni na kuingia barabarani, anapashwa kuwaachia njia wote walio barabarani tayari.

2. Shofere aliyesimama pembeni ya barabara, kabla ya kuondoka, anapashwa kwanza kuwa na hakika kwamba hatahatarisha mtu.

Angalieni neno «hakika». Sheria haisemi «akifikiri ni wazi» ao «akiambiwa ni wazi». Kama kamiyo, ukuta, kichaka ao jua kinamziba macho, wajibu wake haupungui. Unazidi. Shofere akisema «Sikuona», amesema mwenyewe kwamba aliingia mahali asipoona.

Je, mtu akimpungia mkono? Mkono ule ni wa kumsaidia, lakini hauchukui mahali pa macho yake. Boyi-shofere juu ya magunia alitaka tu kusema: «Kamiyo yetu haiondoki, mnaweza kupita.» Hakutazama moto. Sisi tulisoma mkono wake namna tulivyotaka, sababu tulikuwa na haraka.

Hapana kusema wengine hawana kosa. Mwenye kamiyo alikosa kusimama karibu na mlango. Mwenye moto naye, akipita kando ya gari lililosimama, tena mbele ya hospitali, anapashwa kupunguza mwendo. Lakini yule anayeingia ndiye mwenye kungoja. Yeye ndiye anayeweza kusimama bila hasara yo yote.

Tuhesabu pamoja

Kamionete iliyosimama inahitaji kama sekunde 4 kutoka mlangoni na kushika njia yake vizuri. Hesabuni polepole: moja, mbili, tatu, nne. Sasa tuone moto inafika wapi wakati huo.

- Moto ya kilometa 40 kwa saa inapita metre 11 kwa kila sekunde. Kwa sekunde 4 imepita metre 44.

- Ya kilometa 60 kwa saa inapita karibu metre 17 kwa sekunde. Kwa sekunde 4 imepita metre 67 hivi.

Tena mtu hasimami mara moja. Kwanza anaona, kiisha anafikiri, kiisha anashika freni. Kwa kilometa 40 anahitaji kama metre 20 mpaka kusimama kabisa. Kwa kilometa 60 anahitaji kama metre 37. Hiyo ni kwa barabara kavu na freni nzuri. Kwa mvua, matope ao changarawe ni zaidi.

Basi, kama kamiyo inamwachia shofere metre 10 tu za kuona, moto asiyoiona inaweza kumfikia kwa sekunde moja. Hakuna freni inayomaliza neno lile. Ni kuona mbele, ao kungoja.

Usukani wa kuume

Kwetu mashariki kuna hatari nyingine. Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara, sawa na Rwanda na Burundi. Uganda, Kenya na Tanzania wanapita upande wa kushoto, na magari yao yana usukani upande wa kuume. Magari mengi ya namna ile yanatembea kwetu. Shofere wake anaketi upande wa pembeni ya barabara, mbali na katikati. Gari lake likiwa nyuma ya kamiyo iliyosimama, na anataka kuipita, haoni wanaokuja mbele mpaka karibu gari lote limetoka nje. Mtu anayeketi kushoto anaona mbele yake. Kwa hiyo shofere wa gari lile anapashwa kuacha nafasi kubwa nyuma ya kamiyo, apate kuona kabla ya kutoka. Na abiria wa kushoto asiseme «pita» kama hana hakika. Aseme tu anachokiona: «Naona moto mbili, naona kinga, naona chukudu inashuka.»

Shofere mwenye macho yaliyozibwa afanye nini?

Wamama, wengi wenu hamwendeshi gari. Lakini mna waume, kaka, watoto na wakwe walio mashofere na wenye moto. Wasomeeni maneno haya nyumbani.

1. Asimame kabisa. Kupunguza mwendo tu hakutoshi.

2. Asonge kidogo, asimame, atazame. Asonge tena kidogo, asimame, atazame. Hivyo wengine wanaona pua ya gari lake mapema, nao wanajiweka tayari.

3. Afungue kioo na kuzima muziki. Moto inasikika mara nyingi kabla ya kuonekana. Lakini kinga na chukudu hazisikiki, kwa hiyo sikio halitoshi.

4. Atazame kushoto, kuume, tena kushoto. Kwetu anayefika kwanza anatoka kushoto.

5. Kama bado haoni, mtu ashuke, asimame mahali anapoona pande mbili, amwongoze. Wapatane mbele: mkono juu ni kusimama. Shofere akipoteza kumwona msaidizi wake, asimame.

6. Kama hakuna msaidizi, angoje kamiyo iondoke, ao atafute njia nyingine. Kuchelewa si ugonjwa.

7. Kabla ya kurudi nyuma, azunguke gari kwa miguu. Watoto wengi wa miaka mitatu hawajafika metre moja. Mnawapima hapa kwetu, mnajua. Mtoto wa namna ile akisimama nyuma ya gari ao karibu na pua ya kamiyo, shofere hamwoni hata kidogo.

Na wewe, mama, ufanye nini?

*Ukivuka barabara.* Usivuke mbele wala nyuma ya basi ao kamiyo iliyosimama. Ngoja iondoke, uone mbali pande zote mbili. Kama ni lazima kupita pale, simama kwenye pembe yake ya nje, chungulia, kiisha uvuke. Shofere anaweza kusimama akuachie njia, na moto ikapita pembeni yake bila kukuona. Shika mtoto kwenye kifundo cha mkono, si kwa vidole, vidole vinateleza. Mwavuli uinue, usifunike macho yako.

*Ukipanda moto.* Usimwambie mwenye moto «Kimbia, nimechelewa». Kama amechukua watu wawili ao watatu, ngoja nyingine. Usikubali mtoto aketi mbele juu ya tanki. Kofia ngumu ikiwapo, ivae. Ukiona gari limesimama karibu na mlango ao njia panda, mwambie kwa sauti: «Papa, pole pole, kuko kamiyo.» Si haya kusema hivyo. Ni maisha yako.

*Ukiwa ndani ya gari.* Shofere akikuuliza «Unaona nini?», na wewe huoni, mjibu hivi: «Sioni.» Neno hili fupi lilinishinda siku ile.

*Ukiuza pembeni ya njia.* Wamama wengi wanatafuta chakula cha watoto kwa kuuza ndizi, fufu na mafuta kwenye pembe ya barabara. Tunajua taabu yenu. Lakini meza yenye mwavuli mkubwa pale njia mbili zinapokutana inakuwa ukuta mbele ya macho ya mashofere. Songeni hatua 20 mbali na pembe. Wanunuzi watawafuata.

Kama ajali imetokea

1. Zuia magari kwanza. Weka matawi ya miti barabarani pande zote mbili, usigongwe na wewe.

2. Damu ikitoka sana, kandamiza kidonda kwa nguo safi, bila kuachilia. Usiweke udongo, majani wala mafuta.

3. Usimvute mtu aliyeanguka kwa mikono ao miguu, ila kama kuna moto wa petroli ao hatari nyingine kubwa. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Watu wane wamwinue pamoja, kichwa kinyooke na mwili, mumlaze juu ya ubao ao mlango.

4. Mguu ao mkono uliovunjika, ufunge pamoja na vijiti viwili, kwa nguo, si kwa kukaza sana. Usijaribu kuunyoosha.

5. Usimpe chakula wala kinywaji. Labda atahitaji kupasuliwa. Mfunike, asishikwe na baridi.

6. Mtoto aliyegongwa kichwa, mlete hata akicheza. Mlete mbio kama anatapika, anasinzia bila kuamka vizuri, anashikwa na degedege, ao maji ao damu inatoka sikioni ao puani.

7. Mama mwenye mimba aliyeanguka ao kugongwa, aje hospitali siku ile ile, hata kama hasikii maumivu. Kondo la nyuma linaweza kubanduka polepole. Damu, tumbo gumu kama ubao, ao mtoto asiyecheza tena, ni alama za hatari. Na kama alama hazipo, aje vilevile, tumlinde.

Neno la mwisho

Leo kwenye mlango wetu mapipa mawili yaliyopakwa rangi nyeupe yamewekwa upande huu na upande huu, na kamiyo hairuhusiwi kusimama kati yao. Wenye kamiyo walinung'unika kwanza, kiisha wakazoea. Gari la chanjo likitoka, mmoja wetu anashuka kwa miguu, hata mvua ikinyesha, hata tukichelewa. Na shofere, ijapo mtu yuko chini, anasonga kidogo na kutazama kwa macho yake mwenyewe.

Mama yule alirudi kwetu kisha mwaka na nusu, na mimba nyingine. Nilimpima mimi. Niliogopa kumtazama usoni. Aliniuliza neno moja tu: «Mama munganga, mapipa ile mulitia juu yangu?» Nikamjibu: «Ndiyo, mama. Juu yako na mutoto wako.» Akatikisa kichwa, akapanda kwenye mizani.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mkono wa boyi-shofere haukumwondolea shofere wajibu wake?

2. Mwenye moto alifanya kosa gani? Mwenye kamiyo je? Mama munganga je?

3. Moto ya kilometa 40 kwa saa inapita metre ngapi kwa sekunde 4?

4. Katika njia yako ya kuja hapa, ni mahali gani macho ya mashofere yanazibwa? Nani anaweza kusaidia kupafungua: chefu wa mtaa, wenye maduka, ao wewe mwenyewe?

5. Mama mwenye mimba ameanguka kwa moto, naye anasema «Niko mzima». Utamwambia nini?